Selfridge: Mkwasi aliyewaruhusu wakazi wa London kutazama bila kununua

JUMATATU ya Machi 15, 1909, jengo jipya lenye nguzo ndefu za mawe lilifunguliwa upande wa magharibi wa barabara ya Oxford Street, jijini London. Ndani yake mlikuwa na idara 100, kuanzia sindano na nyuzi hadi makoti ya manyoya, kuanzia soksi na leso za mkononi hadi marashi ya Paris. Umati uliomiminika humo siku hiyo haukuulizwa ulitaka kununua nini. Watu waliachwa watembee, watazame, washike vitambaa kwa vidole vyao na kupanda lifti wakishuka. Aliyeondoka mikono mitupu aliagwa kwa heshima ile ile aliyopewa mwenye furushi.

Leo hii jambo hilo halimshangazi yeyote aingiaye dukani. Wakati huo lilikuwa mapinduzi, na aliyeyaleta alikuwa Mmarekani wa umri wa miaka 51, Harry Gordon Selfridge. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyeng'amua kuwa jicho ndilo mnunuzi wa kwanza, akajenga ukwasi mkubwa juu ya ugunduzi huo, kisha jicho lake mwenyewe likamponza.

Mwana wa mwalimu

Selfridge alizaliwa Januari 11, 1858 katika mji mdogo wa Ripon, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Familia ilihamia Jackson, jimbo la Michigan, angali mdogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, babake, Robert, alijiunga na jeshi la Kaskazini na akapanda hadi cheo cha meja. Vita vilipomalizika, aliachiliwa kwa heshima zote, lakini hakurejea nyumbani kwa mkewe na watoto.

Mzigo wa malezi ukamwangukia mamake, Lois, ambaye aliajiriwa kuwa mwalimu. Ndugu wawili wa Harry walifariki wakiwa wadogo, na mama akabaki na mwana huyo mmoja. Uhusiano wao ulikuwa wa karibu mno. Hata baada ya Harry kuoa na kutajirika, mama aliishi naye hadi alipoaga dunia mwaka wa 1924.

Akiwa na umri wa miaka 10, Harry alikuwa tayari akiuza magazeti. Miaka miwili baadaye alifanya kazi katika duka la vitambaa, kisha akawa karani wa benki akiwa kijana mbichi. Alijaribu kujiunga na chuo cha wanamaji cha Annapolis lakini hakufaulu. Bahari ilipomkataa, soko lilimpokea.

Shule ya Chicago

Mnamo 1879, akiwa na barua ya kumtambulisha mkononi, alifika Chicago na kupata kazi ya ngazi ya chini katika kampuni ya Marshall Field, mfanyabiashara aliyeheshimika kuliko wote jijini humo. Alianzia upande wa bidhaa za jumla kabla ya kuhamia dukani. Kufikia mwaka wa 1887, alikuwa ndiye msimamizi wa mauzo ya rejareja. Baadaye alifanywa mshirika mdogo katika kampuni.

Field alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye hadhari. Selfridge alikuwa kinyume chake. Alikuwa mwepesi, mwenye maneno matamu, asiyeishiwa na mipango. Aliagiza rafu ndefu ziondolewe na bidhaa zishushwe mezani ambapo mteja angezifikia. Aliongeza taa na simu, akaamuru madirisha ya duka yaachwe yakimeremeta hata baada ya milango kufungwa usiku. Aliunga mkono kufunguliwa kwa chumba cha kulia ndani ya duka ili wanawake wasilazimike kukatiza manunuzi yao kwenda nyumbani kula. Aidha, alianzisha sehemu ya bidhaa za bei nafuu katika ghorofa iliyo chini ya ardhi, ambako mke wa kibarua aliweza kununua bila kuona haya.

Kanuni kwamba mteja hakosei, ambayo wafanyabiashara kote duniani huinukuu, imehusishwa na Field na vilevile na Selfridge. Hali kadhalika, Selfridge hutajwa kuwa ndiye aliyebuni mtindo wa kuwahesabia wateja siku zilizosalia kabla ya Krismasi.

Mnamo 1890 alimwoa Rose Buckingham, mwanamke wa ukoo tajiri aliyekuwa na ujuzi wake mwenyewe katika ujenzi na uuzaji wa nyumba. Walijaliwa watoto watano, na wanne kati yao wakakua hadi utu uzima.

Hata hivyo, kuna jambo moja alilolitamani asilipate. Alitaka jina lake liandikwe mlangoni kando ya lile la Field, na mzee huyo alikataa. Mnamo 1904, Selfridge alijiondoa, akanunua duka jingine jijini humo na kulipa jina lake. Kumbe alikuwa amejichagulia mpinzani asiyeweza kumshinda, kwani kila mbinu aliyoijua alikuwa ameshaiacha kwa Field. Baada ya miezi michache aliliuza. Alijaribu kustaafu, akanunua meli ya starehe na kucheza gofu, lakini kukaa bure hakukumfaa.

Jiji la droo zilizofungwa

Alipozuru London mwaka wa 1906, Selfridge aliliona jiji lenye fedha nyingi na maduka yaliyosinzia. London ilikuwa kitovu cha himaya kubwa kuliko zote duniani. Bidhaa za mabara yote zilishushwa katika gati zake. Lakini mnunuzi wa kawaida wa glavu, kofia au kitambaa cha gauni hakuruhusiwa kuziona apendavyo.

Katika maduka mengi, bidhaa zilihifadhiwa ndani ya droo na makabati nyuma ya kaunta. Mlangoni mteja alilakiwa na msimamizi aliyevaa koti refu, ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza anataka nini na kumpeleka hadi kwenye kiti mbele ya kaunta husika. Mhudumu alitoa kitu kimojakimoja. Kuondoka bila kununua kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Inasimuliwa kwamba Selfridge mwenyewe, alipojibu katika duka mojawapo kuwa alikuwa akitazama tu, alifukuzwa.

Wenye maduka hao waliishi kana kwamba walikuwa wameikariri ile methali ya Waswahili kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwao, bidhaa bora ilipaswa kungoja gizani hadi itakapoitwa kwa jina. Selfridge aliamini kwamba hata chema hakina budi kutembezwa, maadamu mtu hawezi kukitamani asichokiona.

Alianza ubia na Samuel Waring, mfanyabiashara wa samani wa London, lakini mwaka wa 1908 Waring alijitoa. Kwa muda shimo la msingi lilibaki wazi Oxford Street na wengi wakadhani Mmarekani huyo amekwama. Mkwasi mwingine, John Musker, aliyekuwa ametajirika kwa biashara ya vyakula na chai, ndiye aliyemwokoa. Gharama ya mradi ilifikia takriban pauni 400,000, kitita kikubwa ajabu kwa wakati huo.

Mchoro wa jengo ulitokana na kazi ya Daniel Burnham, msanifu mashuhuri wa Chicago, na sura yake ya mbele ikachorwa na Francis Swales. Jengo lilisimama juu ya fremu ya chuma badala ya kutegemea kuta nene za matofali, jambo lililozua mvutano na kanuni za ujenzi za jiji. Faida yake ilikuwa nafasi pana ndani na vioo vikubwa nje. Mahali penyewe hapakuwa na sifa. Wenye maduka ya fahari walikuwa upande mwingine, na sehemu ile ya Oxford Street ilidharauliwa. Lakini Selfridge alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya mabasi na reli ya chini ya ardhi. Kituo cha Bond Street kilikuwa karibu, naye akapendekeza kipewe jina la duka lake. Ombi hilo lilikataliwa.

Kabla ya kufungua, alinunua kurasa nzima za magazeti na kuajiri wachoraji hodari wazipambe. Harrods, duka la fahari lililokuwa limetangulia kwa miongo kadhaa, liliandaa tamasha za muziki wiki hiyo hiyo kusherehekea miaka 60 tangu lianzishwe. London ilipata burudani pande mbili, na maduka yote mawili yakajaa.

Uhuru wa kushika na kutazama

Kilichowavuta watu Oxford Street hakikuwa bei peke yake. Madirisha ya duka, ambayo kwingineko yalisongamana vitu vya kila aina hadi juu, hapa yalipangwa kama jukwaa la mchezo wa kuigiza. Nguo ziliwekwa pamoja na kofia, viatu na mwavuli wa kuzifaa, ili mpita njia aone jinsi ambavyo angependeza. Usiku yaliangazwa kwa taa za umeme, na matembezi ya jioni ya kutazama madirisha yakawa starehe isiyotozwa ada.

Ndani, bidhaa zilikuwa mezani na bei zake zikionekana. Manukato yaliwekwa karibu na mlango mkuu, yakimlaki mteja kwa harufu nzuri kabla hajaona kitu. Poda na rangi za mashavu, ambazo wanawake wa heshima walizinunua kwa siri, ziliuzwa hadharani bila soni. Nguo zilizoshonwa tayari zilimwezesha karani au mwalimu wa kike kuvaa mtindo uliofanana na ule wa Paris bila kumngoja mshonaji wala kulipa gharama ya mabibi wakubwa. Mnamo 1911, mbinu ya Chicago ya kuuza bidhaa za bei nafuu katika ghorofa ya chini ilifika London pia, na wenye kipato kidogo wakapata kona yao chini ya paa lile lile la matajiri.

Palikuwa pia na mikahawa, bustani juu ya paa, maktaba, chumba cha kuandikia barua, chumba cha ukimya kwa waliochoka, posta na muuguzi wa huduma ya kwanza. Huduma hizo zilikuwa na maana kubwa zaidi kwa wanawake. London ya miaka hiyo haikuwa na mahali pengi ambapo mwanamke asiyeandamana na mume au kaka angeweza kula, kupumzika au hata kwenda msalani bila kusengenywa. Duka likamfungulia mlango wa jiji. Angeweza kutoka asubuhi na kurudi jioni, akiwa ametumia shilingi chache au asitumie chochote. Selfridge aliunga mkono harakati za wanawake za kudai haki ya kupiga kura na alitangaza bidhaa zake katika gazeti lao.

Asifiwe kwa hayo, lakini asifanywe mtakatifu. Uhuru huo wa kutazama ulikuwa na mtego ndani yake, naye aliutega kwa makusudi. Alijua kuwa aliyeingia kununua uzi angepita mbele ya glavu, marashi na kofia kabla ya kuufikia, na kwamba aliyekunywa chai ghorofa ya juu angeshuka akipitia idara nyingine kadha. Wakosoaji walidai kuwa maduka ya aina hiyo yaliwafunza watu kuhitaji vitu ambavyo jana hawakuvijua. Hoja hiyo haikuwa ya bure, na mtu wa kwanza kuithibitisha angekuwa mwenye duka.

Alikuwa pia bingwa wa kuteka umati. Julai 25, 1909, Mfaransa Louis Blériot alipokuwa mtu wa kwanza kuvuka mlango wa bahari wa Uingereza kwa ndege, Selfridge hakupoteza muda. Aliipata ndege hiyo na kuiweka dukani kwa siku nne, na watu wapatao 150,000 wakajipanga kuiona. Mwaka wa 1925, John Logie Baird aliwaonyesha wateja dukani humo majaribio ya awali ya televisheni. Mnamo 1932, duka liliwekewa mtambo wa kupima mitetemeko ya ardhi. Katika ofisi yake palikuwa na kioo cha dirisha ambacho wageni mashuhuri walichora sahihi zao juu yake kwa almasi.

Mnamo 1918 alichapisha kitabu, The Romance of Commerce, kilichosimulia historia ya wafanyabiashara tangu enzi za kale. Lengo lake lilikuwa kuwaonyesha Waingereza, ambao watu wao wa tabaka la juu walimdunisha mwenye kuuza dukani, kuwa biashara ni kazi ya heshima sawa na kazi nyingine yoyote.

Jicho lililomponza mwenyewe

Mwaka huo huo wa 1918, homa kali ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani ilimchukua Rose. Alizikwa Highcliffe, pwani ya kusini mwa Uingereza, karibu na kasri ambalo familia ilikuwa imelikodi. Miaka sita baadaye mamake Selfridge akafuata. Wanawake hao wawili walikuwa breki za gari lililokimbia kwa kasi. Zilipokatika, gari liliteremka mlima.

Selfridge alikuwa ameshakodi Lansdowne House, mojawapo ya nyumba za fahari kabisa za London. Alinunua eneo la Hengistbury Head, karibu na Highcliffe, akipanga kujenga humo kasri ambalo ukubwa wake ungewafanya wafalme waone wivu. Wasanifu walichora michoro mingi, na hakuna jiwe hata moja lililowekwa. Usiku wa matokeo ya uchaguzi mkuu aliandaa karamu dukani zilizohudhuriwa na wanasiasa, waigizaji na watu wa koo bora.

Kisha wakaja Jenny na Rosie Dolly, mapacha wachezaji densi wenye asili ya Hungary waliokuwa gumzo la majukwaa ya Ulaya. Mzee huyo, aliyekuwa amevuka miaka 60, aliwamwagia vito na manyoya, na akalipia hasara zao kwenye meza za kamari za Ufaransa. Naye mwenyewe alicheza kamari. Mtu aliyekuwa amewafunza maelfu kutazama bila kununua hakuweza kukitazama kitu kizuri akakiacha.

Biashara nayo ilitanuka kupita kiasi. Mnamo 1927 alinunua Whiteleys, duka kongwe la eneo la Bayswater, na kuwaahidi wenye hisa gawio nono ambalo baadaye lilikuwa kama jiwe shingoni. Sehemu ya mbele ya jengo lake la Oxford Street ilikamilika mwaka wa 1928, na saa kubwa juu ya mlango mkuu ikazinduliwa 1931. Lakini kati ya miaka hiyo soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka, mwaka wa 1929, na mdororo wa uchumi ukaenea kote. Wateja walipunguza matumizi ilhali mwenye duka hakupunguza yake. Mwaka wa 1937, alipochukua uraia wa Uingereza, aligharamia mapambo ya kifahari ya jengo kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George VI.

Hesabu zilipokaguliwa, ilibainika kuwa Selfridge alilichukulia duka kama mfuko wake wa suruali. Alikuwa na deni la zaidi ya pauni 100,000 kwa kampuni, fauka ya malimbikizo makubwa ya kodi aliyodaiwa na serikali. Mnamo 1939, wakurugenzi walimlazimisha kuachia hatamu. Aliachiwa cheo kisicho na mamlaka na malipo ya uzeeni, ambayo nayo yalipunguzwa baadaye.

Mzee wa kituo cha basi

Miaka yake ya mwisho aliishi Putney, kusini magharibi mwa London, pamoja na binti yake mmoja, katika makao ya kawaida yasiyofanana hata kidogo na Lansdowne House. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na mabomu ya Ujerumani yaliharibu bustani ya juu ya duka lake. Ghorofa ya chini ya jengo lake la nyuma ilifungwa mtambo wa siri uliowawezesha Waziri Mkuu Winston Churchill na viongozi wa Marekani kuwasiliana kwa simu bila kudukuliwa. Mwasisi wa duka hakuhusishwa na lolote kati ya hayo.

Inasimuliwa kuwa mara nyingi alipanda basi kutoka Putney hadi katikati ya jiji, akiwa amevalia mavazi yake ya kizamani yaliyochakaa, akashuka na kusimama ng'ambo ya barabara akilitazama jengo. Wapita njia hawakumtambua. Inasemekana kwamba siku moja polisi walimshika wakidhani ni mzururaji.

Harry Gordon Selfridge alifariki usingizini Putney mnamo Mei 8, 1947, akiwa na umri wa miaka 89. Mali aliyoiacha ilithaminiwa kuwa pauni 1,544 pekee. Alizikwa Highcliffe, kando ya mke na mama yake.

Duka lenyewe lilinusurika. Lilinunuliwa na kampuni ya Lewis's ya Liverpool mwaka wa 1951, likapitia mikono mingine, na mnamo 2003 likawa mali ya familia ya Weston ya Canada, ambayo nayo ililiuza mwaka wa 2022 kwa wawekezaji wa Thailand na Austria. Kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoigiza maisha yake kilionyeshwa kati ya 2013 na 2016, kikamrejesha kwa kizazi kisichomjua.

Wamiliki wamebadilika, sarafu zimepoteza thamani na mitindo ya nguo imepinduka mara zisizohesabika. Jina lililokataliwa mlangoni Chicago na kituoni Bond Street lingali juu ya milango ya Oxford Street. Na mtu asiye na senti mfukoni angali na ruhusa ya kuingia, kushika kitambaa, kunusa marashi na kutoka, bila kuulizwa alifuata nini.